Shangazi, yoga imenirudishia usingizi ila nyumbani hatuelewani

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu usilitoe kabisa maana huku ninapoishi tunajuana wote na wifi yangu ni msomaji wako mzuri tu. Mimi ni mama wa miaka 50, nina watoto wanne, wawili wameshaolewa, mmoja yuko chuo na wa mwisho yuko kidato cha tatu. Naishi Ilala, nauza kanga na vitambaa Kariakoo, mume wangu amestaafu, ni mtu wa swala tano, msikitini wanamheshimu sana na mimi mwenyewe namheshimu, sijawahi kumvunjia adabu.

Shida ilianza siku zangu zilipoanza kuruka, mara zije mwezi huu mara zipotee miezi mitatu, mwisho zikakata moja kwa moja na sasa ni zaidi ya mwaka sijaona kitu. Kukata kwenyewe wala hakukuniumiza Shangazi, nilishukuru. Kilichonitesa ni joto. Linaanzia kifuani linapanda shingoni mpaka masikio yanawaka, nimesimama na mteja nampimia kitambaa jasho linadondoka juu ya kitambaa cha watu, naona aibu natafuta pa kujificha. Usiku ndo balaa lenyewe, naamka saa nane saa tisa nguo zimelowa chepechepe, moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa, na usingizi haurudi tena mpaka adhana. Nilikuwa nalowesha kanga nafunga shingoni nakwenda kukaa jikoni juu ya ndoo iliyogeuzwa pale karibu na mlango wa uani angalau nipate upepo. Mwisho nikahamia chumba cha wasichana maana kule kuna feni kubwa na mume wangu hawezi feni, inamkamata kifua.

Kipindi hicho hicho nikapimwa presha nikakutwa 158 kwa 96, nikaanzishiwa amlodipine kidonge kimoja kila siku, nakunywa mpaka leo.

Sasa nina mteja wangu wa siku nyingi, mama mmoja wa Kihindi wa kule Upanga, aliniona dukani najipepea na risiti akaniuliza una umri gani, nikamwambia, akacheka akasema njoo na sisi. Kumbe wana darasa la yoga la wanawake watupu, Jumatano na Jumamosi alfajiri, mwalimu ni mama wa miaka 60 na ushee. Nilienda na suruali ndani ya baibui, nikakuta wanawake wa rika langu, wengine wanene kuliko mimi, kila mtu na mkeka wake. Tunanyoosha mgongo, tunanyoosha miguu, tunasimama mguu mmoja tunashika ukuta, halafu mwisho tunalala chali taa zinazimwa mwalimu anahesabu pumzi, vuta taratibu, achia taratibu zaidi. Shangazi siku ya kwanza nililala palepale nikakoroma, mwalimu akakataza wasiniamshe.

Kwa kweli tangu hapo nimekuwa mtu mwingine. Joto bado linakuja, dukani linanipata kama kawaida, lakini halinitikisi tena kama zamani. Nalala. Nikiamka usiku navuta zile pumzi na mara nyingi usingizi unarudi. Hasira zimepungua hata mwanangu wa mwisho amesema mama siku hizi hufoki. Na presha, mwalimu ana mashine, tukimaliza darasa anatupima, yangu inasoma 126 kwa 80.

Balaa limetokea kwenye picha. Mwenzetu mmoja alitupiga tukiwa tumenyanyua mikono juu ule mtiririko wanaouita wa kusalimia jua, akaitupia kwenye grupu la WhatsApp, ikazunguka ikamfikia wifi yangu. Wifi akampelekea kaka yake akamwambia mkeo anaabudu jua. Mume wangu hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alisema tu nyumba hii haijawahi kuingia ibada ya watu wengine, na nikitoka tena kwenda kule nisimuage. Tangu siku hiyo tunasalimiana basi.

Mimi najua nia yangu, siabudu chochote kule. Kuna wanaosema "om", lile neno la ibada ya Kihindu, mwanzoni mwa darasa lakini mi nakaa kimya na hakuna anayenilazimisha. Ila sasa nimechanganyikiwa. Nikimtii mume narudi kwenye ndoo ya jikoni. Nikienda kwa siri itajulikana tu. Na juu ya hilo mwenzangu mmoja darasani ananiambia presha yako imekaa sawa sasa hizo dawa za nini, dawa zinazeesha, pumzi zinatosha. Huyo huyo ndo ananifundisha pumzi za haraka haraka za kupiga tumbo, nikizifanya vidole na midomo inaingia ganzi na kichwa kinakuwa chepesi, anasema hiyo ni nguvu inafunguka. Na mwalimu amesema karibuni tutaanza kujifunza kusimama kichwa chini miguu ukutani, nami naogopa kidogo sijui kwa nini, labda kwa kuwa mama yangu mzazi alipofuka kwa presha ya macho basi mambo ya kichwa yananitisha tu.

Nifanye nini Shangazi? Niache yoga ninusuru ndoa, au nishike afya yangu? Na dawa niache?

Mama wa Ilala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Huko kukaa juu ya ndoo saa tisa ya usiku na kanga mbichi shingoni kumenigusa mno, kwa sababu wapo wanawake wengi wanaopitia hilo hilo na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake, mama zetu walipita humo humo na hawakutwambia neno.

Nikuelewe vizuri kwanza. Wewe umeiweka kama mizani ya pande mbili, ndoa huku na afya kule, uchague moja. Mimi nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na naona mambo matatu yaliyofungana fundo moja. Kuna mwili ulioingia komahedhi. Kuna dawa ambayo umeanza kuitilia mashaka. Halafu kuna mume ambaye, nimetafuta kwenye barua nzima, sijaona mahali ulipoandika kwamba ulimkalisha ukamweleza joto hili ni nini. Umeandika ulihama chumba, umeandika ukaanza kutoka alfajiri, ikaja picha ya wifi. Yeye alivyoelezwa na wewe mwenyewe sikukuona. Labda ulimweleza na hukuandika, kama ni hivyo nisamehe, lakini kama hukumweleza basi tutarudi hapo.

Tuanze na mwili. Kwenye ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili, na homoni ya estrojeni inaposhuka sehemu ile inakuwa nyepesi kushtuka, joto likipanda kidogo tu ambacho zamani usingekisikia, yenyewe inaona umeungua, inafungua mishipa ya ngozi, inamwaga jasho, moyo unakimbia. Ndo kile kinachoanzia kifuani kikapanda masikioni. Na hakiishi kwa wiki mbili. Kule Marekani kuna utafiti mkubwa unaitwa SWAN uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi, matokeo yaliyotoka 2015 yalionyesha kwamba kwa wanaopata joto mara kwa mara, nusu yao lilidumu zaidi ya miaka 7, na kwa wanawake weusi wa huko likazidi miaka 10. Sikutishi. Nakwambia ili ujue kwamba unachokitafuta ni njia ya kuishi nalo muda mrefu, na mwenzio unayekaa naye nyumba moja hawezi kubaki gizani muda wote huo.

Sasa yoga. Nimefurahi sana imekusaidia na sina sababu ya kutokukuamini, ila ngoja tuangalie imekusaidia wapi hasa. Umeandika mwenyewe, joto bado linakuja, kilichorudi ni usingizi na utulivu. Unajua hivyo ndivyo tafiti zilivyokuta? Mwaka 2014 yalitoka matokeo ya jaribio la wanawake wa komahedhi huko Marekani, wengine walipewa yoga kwa wiki 12 na wengine wakaendelea na maisha yao ya kawaida, waliofanya yoga wakalala vizuri zaidi, lakini idadi ya kuwakwa na joto haikutofautiana na wale wengine. Na mwaka 2023 Jumuiya ya Menopozi ya Amerika Kaskazini ilipopitia tiba zote za joto zisizo za homoni, yoga na pumzi za polepole hawakuziweka kwenye zile wanazopendekeza kwa ajili ya joto lenyewe. Walizoweka ni kama tiba ya maongezi ya kubadili fikra na tabia, na baadhi ya dawa za hospitali. Kwa hiyo usingizi wako ni wa kweli kabisa, ila mtu akikwambia yoga inamaliza komahedhi, hapo ameruka mto bila daraja.

Na jambo jingine nikuulize kwa upole. Ulihamia chumba chenye feni, ukaanza kutoka asubuhi kwenda kukaa na wanawake wa rika lako wanaojua unachopitia, ukaanza kunyoosha viungo, ukaanza kuvuta pumzi. Vinne vimekuja karibu pamoja. Una uhakika gani kwamba ni yoga peke yake? Inawezekana feni imefanya kazi kubwa tu, inawezekana ni wale wanawake. Nauliza kwa sababu ukijua kipi kinakubeba, siku kimoja kikikosekana hutaanguka chini.

Pumzi zenyewe nataka uelewe zinafanyaje kazi ili usizichanganye, maana zako ni za aina mbili na haziko sawa hata kidogo. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Ukivuta puani kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, pumzi moja inachukua kama sekunde kumi, yaani unashuka mpaka pumzi sita kwa dakika. Ile kutoa kwa muda mrefu inaamsha mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo kupita shingoni mpaka moyoni, unaitwa vagasi, wenyewe ndo unauambia moyo punguza mwendo. Mishipa inalegea, presha inashuka kidogo. Unaweza kufanya umekaa kwenye kiti tu, mkono tumboni usikie tumbo linapanda na kushuka, mabega yametulia, dakika tano mpaka kumi. Haihitaji mkeka, haihitaji kutamka neno lolote, na ukijisikia kukosa hewa unarudi kwenye pumzi yako ya kawaida, hakuna kulazimisha.

Zile za haraka za kupiga tumbo ni habari nyingine. Ganzi ya vidole na midomo unayoisikia ina maelezo yake: ukipumua kwa kasi unatoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi, damu inabadilika kidogo, mishipa ya ubongo inabana, kichwa kinakuwa chepesi na ganzi inakuja. Ndo hilo, hamna nguvu inayofunguka hapo. Na walimu wengi wenyewe wa yoga huwaambia wenye presha waziache hizo. Mwambie mwalimu wako wazi kwamba una presha na unakunywa dawa, mwalimu mwenye uzoefu hatakasirika, atakubadilishia.

Kwenye dawa mdogo wangu sitakuzungusha. Angalia hiyo 126 kwa 80 ilipimwa lini: baada ya darasa, umetoka kulala chali gizani unahesabu pumzi, na asubuhi yake au jana yake umekunywa amlodipine. Sasa hapo nani kaishusha? Pumzi za polepole zinashusha presha kwa pointi chache, zinasaidia dawa, wewe ulianzia 158. Wanawake wangapi tumewazika au tunawauguza upande mmoja umelala kwa sababu walijiona wazima wakaacha dawa, presha haiumi, haikupigii hodi. Kama unataka kujua presha yako halisi, tafuta mashine ya mkononi, kaa kimya dakika tano mgongo umeegemea, mkono uwe usawa wa moyo, pima asubuhi kabla ya dawa na jioni kwa wiki moja, andika kwenye daftari, mpelekee daktari. Yeye akiona inafaa kupunguza atapunguza yeye, na utaendelea kupima.

Ila kuna kitu kwenye hiyo dawa nataka ukiulize. Amlodipine kwa baadhi ya watu inaleta kuwakwa na joto usoni, moyo kwenda mbio na miguu kuvimba kwenye vifundo. Umesema dawa ilianza kipindi kile kile joto lilipopamba moto. Huenda joto lako lote ni la komahedhi, na huenda kuna kipande kinatoka kwenye kidonge. Hilo daktari anaweza kuliangalia akakubadilishia aina nyingine, zipo kadhaa. Na kwa kuwa moyo unakwenda mbio usiku, mwombe wakupime na damu kama imepungua na tezi ya shingo, maana tezi ikizidi kufanya kazi nayo inaleta joto, jasho na mapigo ya haraka, tunaisingizia komahedhi bure. Muulize pia kuhusu tiba ya homoni. Watu wanaiogopa kwa kusikia, lakini kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60 ambaye hedhi yake haina miaka 10 tangu ikatike, ndiyo tiba inayopunguza joto kuliko zote, ila presha lazima iwe imedhibitiwa na wakuulize kwanza kama umewahi kuwa na kansa ya matiti au damu kuganda. Ni mazungumzo ya kufanya kule, ukiwa umekaa mbele ya daktari wa akina mama. Na tukiwa hapo hapo, kwa kuwa umeshapitisha mwaka bila hedhi, ukiona damu hata tone moja siku yoyote, usiseme zimerudi, nenda hospitali.

Haya, nyumbani.

Mimi si mwanachuoni na sitakusemea dini. Naweza tu kukwambia kwamba swali la mume wako si la ujinga wala si la ukali wa moyo, Waislamu wenzenu sehemu nyingine wameliuliza hadharani. Malaysia, Baraza la Fatwa la Taifa lilitoa tamko Novemba 2008 likaikataza yoga kwa Waislamu kwa sababu ya yale maneno na ibada zinazochanganyika nayo. Indonesia Januari 2009 baraza la maulamaa likatenganisha, yenye mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na ibada nyingine hapana, ya mazoezi ya mwili tu inaruhusiwa. Halafu Novemba 2017 Saudi Arabia ikaiweka yoga kwenye orodha ya shughuli za michezo, baada ya wanawake kama Nouf Marwaai wa Jeddah kuihangaikia kwa miaka. Unaona, watu wa dini moja, nchi tatu, na kila mmoja ameangalia nini hasa kinafanyika pale kwenye mkeka. Kwa hiyo ukimwambia mume wako "siabudu chochote" na yeye ana picha ya mikono juu kuelekea jua, mnaongea vitu viwili tofauti. Wewe unaongelea nia iliyo moyoni mwako, yeye anaongelea anachokiona. Na ule mtiririko kweli jina lake ni la kusalimia jua, wifi yako hakulizua.

Sasa hebu niulize kitu kingine. Je, una hakika kinachomuuma ni yoga? Jiweke kwake. Mke aliyelala naye miaka yote anahama chumba, hajaambiwa sababu au ameambiwa nusu nusu. Anaanza kutoka alfajiri. Anarudi ana furaha ambayo hakuipatia nyumbani. Halafu habari anazipata kwa dada yake, kwenye simu. Huyo mzee anaweza kuwa na hofu ya dini kweli kabisa, na chini yake akawa na hofu nyingine ambayo mwanaume wa umri wake hawezi kuitamka, kwamba ameachwa kabla hajaachwa. Huenda nimekosea, wewe ndo unamjua. Lakini umesema angepiga kelele ingekuwa afadhali, na mtu anayenyamaza hivyo mara nyingi anauguza jambo ambalo hajalipatia maneno.

Njia ulizonazo naziona hivi. Unaweza kuendelea na darasa waziwazi, ukae naye kwanza, umweleze kipi mnafanya na kipi hufanyi, ukiwezekana ule mtiririko wa jua uuruke kabisa ufanye kunyoosha kwingine wakati wenzio wanaufanya. Hatari yake ni kwamba anaweza asikubali hata baada ya kuelezwa, na ukiwa umeshasema "nitaendelea" itakuwa mmepimana nguvu. Unaweza kumwomba mwende wote kwa sheikh mnayemwamini nyote wawili, umweleze kwa ukamilifu bila kuficha ile "om" ya wenzako. Hiyo nayo ina hatari, sheikh akisema hapana uwe umejiandaa kuipokea, usiende ukiwa umebeba jibu lako mfukoni.

Unaweza pia kuyahamishia nyumbani. Pumzi ni zako, kunyoosha mgongo na kusimama mguu mmoja umeshika ukuta hakuna anayeweza kukuzuia, ukaongeza kutembea kwa kasi jioni maana mifupa baada ya hedhi kukata inapungua nguvu na inataka kubebeshwa uzito wa mwili. Wapo wanaofanya hivyo na wanapata usingizi vilevile. Unachokipoteza ni wale wanawake, na mimi hilo silichukulii dogo, kukaa na watu wanaojua maana ya kulowa saa tisa usiku ni dawa ambayo haiuzwi. Labda mnaweza kuonana kwa njia nyingine, dukani kwako, kwenye chai. Mazoezi ya nyumbani pia yana kasoro kwamba hakuna wa kukurekebisha, na nikuonye hapa, ule mkao wa kukaa miguu imenyooka unajikunja kwa nguvu mpaka ushike vidole usiulazimishe, kwa wanawake ambao mifupa yao imeshapungua madaktari wameripoti pingili za mgongo kuvunjika kwa kujikunja hivyo. Mgongo unyooke, ukiinama uinamie kwenye nyonga.

Kuacha kabisa nako ni njia, na siwezi kuifuta kwenye orodha kama moyo wako ukikwambia amani ya nyumba ni kubwa kuliko. Ila ukiacha kwa kununa, bila yeye kujua umeacha nini, basi utarudi kwenye ndoo na kinyongo juu yake. Na kwenda kwa siri umeshalijibu mwenyewe, umesema itajulikana tu.

Ningekuwa jirani yako ningekwambia kabla ya kuchagua lolote kati ya hayo, mtafute mzee wako wakati ametulia, baada ya isha labda, wifi asiwepo, simu zikae mbali, na usianze na yoga. Anza na joto. Mweleze linavyoanza, mwambie kwa nini ulihama chumba, mwambie hukumhama yeye ulihama joto na feni yake inamuumiza kifua. Mwambie ulivyokuwa ukikaa jikoni yeye amelala. Kuna wanaume wa umri huo hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote komahedhi ni nini, wanajua tu siku zinakata. Akishajua hilo ndo mazungumzo ya darasa yana pa kukaa. Kama kuna feni ndogo ya mezani inayoweza kuelekezwa upande wako tu, itaje, mwanaume wakati mwingine anashika kwa haraka jambo analoweza kulitengeneza kwa mkono wake. Na mwombe akusindikize kwa daktari siku ya presha, asikie mwenyewe kutoka kwa mtu asiye wifi wala mteja wa Upanga.

Mwisho hicho kichwa chini miguu ukutani. Umeandika unaogopa na hujui kwa nini, mi naona unajua. Presha ya macho inatembea kwenye familia, mama yako mzazi alipofuka nayo, na wewe umevuka miaka 40. Kuinamisha kichwa chini kunapandisha presha ndani ya jicho, mwaka 2015 watafiti wa New York waliwapima watu wakiwa kwenye mikao ya yoga wakaona inapanda ndani ya dakika moja, hata kwenye ule mkao wa mikono na miguu chini kiuno juu ambao nadhani mnaufanya tayari. Ugonjwa huo hauna maumivu mwanzoni na kinachopotea hakirudi. Nenda kliniki ya macho, waambie habari ya mama yako, wakupime presha ya jicho na waangalie mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho. Mpaka upate majibu, mwambie mwalimu wewe kichwa chini hapana, na huo wa kiuno juu uuache pia, ukae kwenye mkeka wako unyooshe miguu wenzio wakimaliza mtaendelea.

Uniandikie tena ukishaongea naye, hata kama hayajaenda vizuri.

Shangazi